Posta ya Nyumbani na Jina la Mutoto Wako

Shabani,

Miguu yako imepata nini? Tangu nimekuja huku Kasongo kutibiwa goti, mvua zimekuja zikaisha, zikarudi tena, na wewe hata kivuli chako sijakiona kwenye kiwanja hiki. Watu wa kijiji chetu cha Wamaza wanafika kila siku. Wanaleta muchele, wanaleta mafuta ya mawese, juzi mumoja ameleta mbuzi juu ya pikipiki, na mbuzi ameshuka muzima analia. Mbuzi ameweza, wewe niliyekuzaa umeshindwa. Usiniambie njia ni mbaya. Njia ile ilikuwa mbaya kabla hujazaliwa, na mimi nilikuwa naipita na wewe mugongoni.

Haya, nimekugombeza, sasa nakusalimia. Asalaam aleikum, wewe na nyumba yako yote. Umelalaje, umeamkaje? Kifua chako kile cha wakati wa mvua kimetulia? Na muke wako Feza, maziwa yanatoka vizuri? Anakula? Mumupe sombe ya majani ya muhogo na samaki, musimupe chai tupu kila asubuhi kama mugonjwa. Paa la nyumba yangu linavuja bado upande wa kitanda? Na kuku wangu mweupe hajambo? Usinijibu hilo la kuku, najua mumemukula. Mimi niko. Goti linanisumbua asubuhi, likipata jua linanyamaza. Nakula vizuri, nasema vizuri, unasikia mwenyewe.

Anayeandika ni Zaina, mutoto wa dada yako, anayeniita Koko kwa kuwa mimi ni bibi yake. Mimi nasema, yeye anabonyeza, na nimemukataza kunisahihisha.

Najua unatafuta jina la mutoto wenu, maana kwetu bibi ndiye analitoa. Usitoke jasho, jina la mutoto iko humu ndani. Ila nimemwambia Zaina asiliweke juu, kwa sababu nakujua: ukishalipata utafunga simu na kwenda zako. Nataka umusomee Feza yote, kuanzia hapa mpaka chini, asikie kwa nini mumekaa na mutoto bila jina na mimi huku nimenyamaza kama mutu aliyekasirika. Sikukasirika. Sikujua hata kama amezaliwa. Na sababu yake ni hii posta ya nyumbani, kwa hiyo nianze na posta.

Unajua Zaina alisoma mambo ya ordinatere, zile kompyuta, kule Kindu. Aliporudi akafungua kibanda sokoni, anatengeneza simu. Sasa wamama wa mafuta na wa muchele walikuwa wanamulilia. Mutu anafungua boiti yake, sanduku la barua, kwenye zile posta kubwa za bure za Wazungu. Kesho simu inaanguka mutoni. Ananunua simu nyingine na namba nyingine, anagonga kwa posta, posta inamwambia: mimi sikujui, nimekutumia namba ya siri kwenye simu yako ya zamani. Simu ya zamani iko na samaki! Jirani yetu Mama Radjabu alipoteza hivyo barua zote za watu wake wa Lusangi. Alilia hapa, kwenye mukeka wangu. Zaina akasema: "Koko, nitaweka posta yetu wenyewe, humu nyumbani. Barua za watu zitalala hapa, na mutu akipoteza simu atakuja kwangu kwa miguu, nitamujua kwa sura." Nikamuuliza: "Posta iko na karani, iko na kabati na muhuri. Utaviweka wapi?" Akanionyesha kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni. Nikacheka mpaka goti likaniuma.

Kisanduku kilipatikana haraka. Shida ilikuwa kuchagua programu, maana yake wale wafanyakazi wasioonekana wanaokaa ndani ya mashine na kufanya kazi ya posta. Kumbe iko wa aina nyingi, na kila mumoja anajisifu. Ya kwanza aliyoileta ilikuwa furushi kubwa lenye kila kitu: barua, kalenda, kitabu cha majina, askari wa kupekua, na madirisha ya rangi nzuri. Nikamwambia, huyu ni bibi harusi aliyekuja na wajomba zake wote, utawalisha nini? Ikawa hivyo. Kisanduku kilikuwa kinachemka, ungeweka yai lingeiva. Batri ya jua ikawa inaisha kabla ya alasiri. Akaitoa.

Ya pili ilikuwa mupya na ndogo, programu moja inafanya kazi zote peke yake. Ilikwenda vizuri, sitaisema vibaya. Lakini Zaina hakuwa na amani. "Koko, hii ikikwama sehemu moja imekwama yote, na watu wa kuwauliza bado ni wachache." Mwisho akarudi kwa zile za zamani, ambazo kila moja iko na kazi yake: moja inakaa mulangoni kupokea na kutuma, moja inatunza masanduku ya watu, moja inapekua barua zinazoingia kama ni za watu wema au za wezi. Hapo nikasema sawa. Hata sisi kwenye karamu tunapika hivyo: mumoja anatwanga, mumoja anapepeta, mumoja iko kwenye moto, na bugali ikitoka na mawe unajua umwite nani.

Usifikiri kazi iliishia hapo. Zile posta kubwa zilikataa barua zetu. Zaina anatuma, zinarudi. Alikasirika, akataka kurusha kisanduku. Mimi sikuona kosa lao. Ukigonga mulango wa mutu usiyemujua si wanakuuliza: wewe wa nani, umetoka wapi, nani pale anakufahamu? Ndivyo walivyokuwa wanamuuliza. Akaandikisha jina la posta yetu vizuri, akaweka sahihi inayotoka na kila barua, kisha akakodi nafasi kwenye mashine moja ya mbali inayojulikana, ndiyo inatuchukulia barua za nje na kuzifikisha. Siku Mama Radjabu alipojibiwa na muteja wake wa Kalemie, tulipiga vigelegele hapa mpaka watu wakauliza nani ameolewa. Na antena ikizimika, barua haipotei. Inakaa kwenye foleni, inagonga, inangoja, inarudi kugonga. Subira ile wewe hunayo.

Ndipo Zaina akakutumia anwani yetu kwa mukono wa Asumani wa pikipiki, ili ukipata wifi kwenye kituo cha afya cha Wamaza utuandikie, maana simu ya kule inajulikana, leo inaita, kesho imekufa.

Sasa sikiliza. Yule mupekuzi, programu ya kuchagua barua nzuri na mbaya, hazaliwi na akili. Anafundishwa. Unamuonyesha barua, unamwambia hii nzuri, hii takataka, mpaka anajua mwenyewe bila kuuliza. Zaina anashinda sokoni, hana nafasi. Nikamwambia: nipe mimi. Nimelea watoto wa kila tabia, na wewe Shabani ukiwa ndani, nitashindwa na mashine? Akanitengenezea kwenye tableti yake ya zamani: sauti inasoma barua za boiti ya nyumba, ile ambayo watu wote wanaiandikia, na chini iko vifungo viwili. Kijani, barua inakaa. Nyekundu, takataka. Sauti yenyewe ni ya mutu anayesema Kiswahili kwa pua, lakini unamuzoea.

Nikakaa barazani, goti kwenye jua, nahukumu. Mama Radjabu akawa anakuja na karanga zake kunisaidia. Sauti inasoma: "Mizigo imefika. Njoo uchukue."

"Nani huyo?" Mama Radjabu anauliza.

"Hata sijui. Ameingia bila hodi, hata hujambo hakusema."

"Mutupe!"

Nyekundu. Sauti inasoma nyingine: "Mpendwa wangu katika Mungu, natumaini ujumbe huu unakukuta wewe na familia yako yote mkiwa na afya njema na baraka tele. Mimi ni mjane wa marehemu jenerali, na sasa naumwa sana..."

"Huyo amelelewa," Mama Radjabu akasema.

"Na ni mujane, maskini. Na ugonjwa juu yake. Umesikia vile ameulizia familia yangu?"

Kijani. Tulimuombea dua mujane yule, sisi wawili, mikono juu. Nikamusumbua Zaina amuandikie pole. "Nitaona, Koko," akasema, na simu za watu zimejaa mikononi.

Na wewe. Barua zako za kwanza nilizisikia, usidhani hazikufika. "Mama, dawa ya kifua imeisha, tuma." Basi! Hakuna Mama umeamkaje, hakuna goti linasemaje. Nikabonyeza nyekundu. "Mama, ufunguo wa kasha iko wapi." Nyekundu! Nikasema, huyu atajifunza adabu. Dawa nilikutumia, uliipata, na ufunguo uko pale pale kwenye kibuyu. Sikukutupa wewe, nilikuwa natupa tabia. Lakini mashine itajuaje tabia? Ilichukua jina lako na maneno yako mafupi, ikasema: huyu mama yake hamutaki. Tangu siku hiyo kila ulichoandika ilikitia kwenye takataka yenyewe, bila kunisomea.

Mimi nikaona kimya. Nikajua Feza iko karibu kujifungua, nikahesabu kwa vidole, nikangoja. Hakuna kitu. Nikamwambia kila mutu wa mutaa huu kwamba mutoto wangu wa mwisho amenisahau. Siku utakayokuja watakutazama vibaya, vumilia tu, nitawaeleza polepole.

Mpaka wiki hii Asumani alipofika na mafuta. Hakukaa. Alisimama pale kwenye muhogo, kofia ya pikipiki bado kichwani, anatazama pembeni.

"Asumani, ingia unywe chai."

"Nitakunywa siku nyingine, Mama Sakina. Mimi nimetumwa kuuliza tu."

"Kuuliza nini?"

"Jina."

"La nani?"

"Mama, usinichezee. La mutoto wa Shabani. Siku ya saba imepita bila jina. Mbuzi wa akika amefungwa pale nyuma, anakula, anazeeka. Mutoto wanamwita Fulani."

Nikainuka kwenye mukeka. "Shabani amepata mutoto?"

Ndipo akavua kofia. "Yalaa. Hamujui? Shabani amekuandikia kila alipokwenda kituo cha afya! Kule wanasema Mama Sakina amekataa kutoa jina, kwa sababu hakumupenda mukwe wake."

Shabani, sijakimbia tangu goti liharibike. Siku ile nilikwenda sokoni nikiwa nimeshika bega la Asumani, ndala moja imebaki nyuma. Zaina akafungua takataka ya posta. Ulikuwa pale, wewe wote, umerundikana na wauza dawa za nywele. Akanisomea kwa sauti yake, siyo ile ya pua. "Mama, mutoto amezaliwa, mwanamuke, wote wazima. Jina." Chini yake: "Mama, jina." Chini yake: "Kesho ni siku ya saba. Jina." Na ya mwisho: "Mama, Feza anasema kama ni kwa sababu yake useme tu, yeye ataelewa."

Hiyo niliomba airudie. Alipoirudia nikamwambia basi, asiirudie tena.

Zaina alilia kuliko mimi. "Nazima, Koko. Nawarudisha watu wote kwenye posta kubwa. Kama imekula jina la mutoto, imekula nini kingine?"

"Keti," nikamwambia. "Haikukula kitu. Imefanya nilichoifundisha, bila kubisha. Katika ukoo wetu hakuna mutu amewahi kunitii namna ile, na wewe unataka kuifukuza?"

Akacheka na kamasi. Tukakaa pale pale kwenye kibanda, tukapekua takataka yote. Zilikuwemo barua nyingine za watu, maana mupekuzi ni mumoja kwa masanduku yote, fupi fupi kama zako, na za watu wa Lusangi wa Mama Radjabu pia. Nilikwenda mwenyewe kwa kila mama na fimbo yangu kumwambia barua yake iko, niliitupa mimi, kwa sababu mutu wake hana salamu. Walicheka. Mumoja tu ndiye alinuna, na huyo ananuna hata akipewa nyama.

Halafu nikauliza habari za mujane wa jenerali, kama alipona. Zaina akafunika uso. "Koko, huyo ni mwizi."

"Mwizi gani anaulizia familia yangu?"

"Wezi wote, Koko. Ndiyo kazi yao, kusalimia."

Fikiri! Na dua nimekwisha kuiomba. Sijui nitairudishaje.

Sasa tumetengeneza. Zaina amemufuta yule mupekuzi akili yote, tumeanza kumufundisha upya. Hakuna barua inatupwa yenyewe tena. Ile inayotia shaka inawekwa pembeni, na Zaina anaitazama kila jioni akitoka sokoni. Na iko orodha ya majina ya watu wetu, ambayo mupekuzi hayagusi, yanapita moja kwa moja. La kwako ndilo la kwanza. Hata ukiandika neno moja kama mutu anayekimbizwa na nyuki, utapita. Mimi wamenirudisha kazini, nimeongezewa kifungo cha njano, maana yake: sijui, muulizeni Zaina. Nakibonyeza mara moja moja, ili asijisikie vibaya.

Shabani, hapa mupe Feza simu mukononi, au umusomee polepole.

Feza, mutoto wangu. Siku ya ndoa yenu nilisema sombe yako iko na maji. Ilikuwa na maji. Waliokuwepo wote waliyaona. Halafu nikaondoka Wamaza mwezi ule ule, na watu wakaunganisha maneno. Niliondoka kwa sababu ya goti. Kama ningekuwa nimekukimbia wewe ningekwambia usoni, unanijua. Mutu anayemukataa mutoto wa mwanawe kwa sababu ya sombe hana akili, na akili mimi ninayo, ingawa sikukaa darasani hata asubuhi moja. Ile barua kwamba useme tu, yeye ataelewa: usielewe. Hakuna cha kuelewa. Siku nyingine mukwe wako akinyamaza, mutumie Asumani amupigie kelele mulangoni.

Mutoto anaitwa Mauwa.

Ni jina la mama yangu. Alikuwa mufupi, mukali, analima shamba la mupunga akiimba, na alinifundisha kila kitu ninachokijua. Jina hili sijamupa mutu. Dada yake Shabani aliliomba kwa ajili ya Zaina, nikamunyima, na Zaina mwenyewe sasa hivi ananuna, anabonyeza herufi kwa nguvu kama anaua siafu. Nililiweka kwa ajili yako tangu siku ile ile ya sombe. Nilipokwambia iko na maji, watu wakangoja ulie. Wewe ulinitazama ukasema, "Kesho nitapunguza, Mama," ukanijazia sahani tena. Nikasema moyoni: huyu ndiye atamuzaa Mauwa. Sikumwambia mutu. Nilingoja azaliwe ndipo niseme.

Basi mumuchinje yule mbuzi kabla hajafa kwa uzee, mumunyoe mutoto, mumuite jina lake mbele ya watu kwa sauti kubwa, mpaka wale wa kusema Fulani wasikie.

Barua hii inakuja kwa posta yetu, na Asumani amebeba nyingine ya karatasi mufukoni, neno kwa neno, kwa sababu safari hii singoji kuona nani atafika kwanza. Munisalimie kaka yangu muzee Salumu, aache kulala shambani na jua limetoka. Munisalimie shangazi yako mushona nguo, na muadhini wa musikiti wetu mudogo, na yule jirani wa ng'ambo ya kijito anayenitunzia mbegu. Na mama yake Feza, mumwambie ukoo wake umepata mukwe wa mudomo mukubwa, ashukuru Mungu kwamba niko mbali. Zaina anamusalimia mujomba wake na anasema hongera. Ni mimi mama yako, Sakina, niliye muzima isipokuwa goti.

Mutoto akikaza shingo na mvua zikipungua, muje. Mupite Lusangi mulale, musimuchoshe kwa siku moja. Na mukifika hapa kiwanjani, wewe Shabani usimufungue mutoto mugongoni mwa mama yake ukaniletea mbio mbio. Wewe shusha mizigo. Muache Feza atembee mwenyewe mpaka kwenye mukeka wangu, afungue kitenge kwa mikono yake, na yeye ndiye anipe.